Miradi ya uhandisi ya wanafunzi ipimwe ikiwa kazini, si mezani

Ndugu Mhariri,

Msimu wa maonesho ukifika, kuanzia MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hadi Sabasaba na Nanenane, kurasa za magazeti hujaa picha za wanafunzi wa vyuo vya ufundi na uhandisi wamesimama nyuma ya meza. Mbele yao kuna roboti ya magurudumu manne, pipa la taka linalojifungua lenyewe, au mashine ya kutotolesha vifaranga inayotuma ujumbe kwenye simu. Chini ya picha huandikwa "avumbua" au "abuni". Sisi tunaoandika barua hii ni wakufunzi na mafundi sanifu wa karakana, na tunaomba nafasi tuseme jambo ambalo kwenye picha halionekani: mashine nyingi za namna hiyo hazijawahi kufanya kazi iliyokusudiwa hata mara moja. Zimewaka, taa zimemeta, skrini imeandika "KARIBU". Lakini hakuna kifaranga aliyetoka humo.

Wanafunzi hatuwalaumu, kwa sababu wanafuata alama zilipo. Fomu za kusahihishia miradi tunazozifahamu huweka uzito kwenye upya wa wazo, ripoti iliyojalidiwa vizuri na namna mtu anavyojieleza mbele ya jopo. Majaribio huachiwa kipande kidogo mwishoni, na mara nyingi hakuna anayeuliza yalifanyikaje. Tunachopendekeza ni kugeuza uzito huo. Mradi upimwe ukiwa umebeba mzigo wake halisi, kwa muda halisi, na mwanafunzi apewe alama kwa kueleza kilichoharibika na alivyokirekebisha.

Tuichukue hiyo mashine ya kutotolesha, maana hakuna mwaka inakosekana, na ndani yake makosa yote ya miradi ya wanafunzi yamekusanyika pamoja.

Kwanza kalenda. Yai la kuku huchukua siku 21. Kabla ya kuweka mayai, mashine inatakiwa iendeshwe tupu siku tatu hivi ili joto litulie na kasoro zijitokeze. Hizo ni siku 24 kwa mzunguko mmoja tu. Kundi linalofunga waya wa mwisho wiki mbili kabla ya siku ya kuwasilisha linaleta mbele ya jopo kabati lenye balbu, na hata lingekuwa na bahati kiasi gani haliwezi kuwa limetotolesha. Mwandishi wa habari au msahihishaji anayetaka kujua ukweli aombe namba tatu: mayai mangapi yaliwekwa, mangapi yalionekana yana mbegu yalipomulikwa siku ya saba, na mangapi yalitotoa. Namba ya tatu ikigawanywa kwa ya pili ndiyo inayoonyesha ubora wa mashine. Ya kwanza inategemea pia jogoo, na jogoo si kazi ya mhandisi.

Halafu kuna kihisi cha joto. Kundi baada ya kundi huja na DHT11, kile kidogo cha buluu, kwa sababu ni rahisi, kipo kila duka la vifaa vya elektroniki, na mifano ya programu yake imejaa mtandaoni. Lakini mtengenezaji wake mwenyewe anasema usahihi wa DHT11 ni nyuzi 2 juu au chini. Mayai ya kuku kwenye kabati lenye feni yanataka nyuzi 37.5 za Selsiasi, na kupotoka kwa nyuzi moja kwa siku kadhaa kunatosha kuharibu kazi. Joto likizidi, vifaranga hutoka mapema wakiwa dhaifu, au hufa ndani ya yai. Likipungua, huchelewa na wengi hushindwa kuvunja gamba. Kwa hiyo skrini inaweza kuandika 37 huku mayai yanakaa kwenye 39, na mwanafunzi akabaki kuilaumu programu yake. Kwa joto tumieni DS18B20, ambacho hupotoka nusu nyuzi tu. Kwa unyevu DHT22 inafaa: kinachotakiwa ni asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho.

Kihisi bora nacho kikaguliwe kabla ya kufungwa, na ukaguzi wenyewe hauhitaji maabara. Ponda barafu ijaze kikombe, mimina maji kidogo tu ya kuziba mapengo, koroga, subiri dakika tano, kisha tumbukiza kihisi kilichofunikwa kwa bomba la chuma. Kinapaswa kusoma karibu na 0. Kisha weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kingine na utumbukize ncha ya kihisi pamoja na ncha ya kipimajoto cha homa kutoka duka la dawa. Kile cha kidijitali kimetengenezwa kiwe sahihi hasa kwenye nyuzi 37, eneo lilelile tunalolihitaji. Tofauti ya namba hizo mbili iandikwe kwenye daftari na iingizwe kwenye programu. Kazi nzima haizidi nusu saa, na ni nadra kuiona kwenye ripoti.

Mahali pa kufunga kihisi nako kuna mtego. Wengi hukigandisha kwenye dari ya kabati karibu na balbu, kwa kuwa waya unafika kirahisi. Kifungwe kwenye usawa wa juu wa mayai, mbali na balbu, kisipigwe na hewa ya feni moja kwa moja. Feni ya kompyuta ya volti 12, yenye upana wa milimita 80, inalitosha kabati la trei moja au mbili. Kabla ya kutumia mayai ya kweli, wekeni chupa ndogo za maji mahali pa mayai na vipimajoto vitano, vinne pembeni na kimoja katikati, mwache mashine ifanye kazi saa 24. Pembe mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja, mzunguko wa hewa ni mbovu, na hakuna programu itakayouponya. Hamisheni feni, au wekeni kibao cha kukinga balbu ili mwali wake usiyafikie mayai ya jirani.

Balbu zenyewe ziwe za nyuzi, zile za zamani zinazounguza mkono. Ipo miradi iliyofungwa balbu za LED, na watu wakashangaa kwa nini kabati halipandi joto. Mbili za wati 40 zilizofungwa sambamba ni bora kuliko moja ya wati 80, kwa sababu moja ikiungua usiku nyingine inabaki.

Sasa rilei, ile swichi inayowasha na kuzima balbu kwa amri ya programu. Moduli ile ya buluu inayouzwa pamoja na bodi ya kudhibiti ya Arduino imeandikwa ampea 10, na mwanafunzi akiona balbu zake zinakula chini ya nusu ampea anajiona yuko salama. Hayuko, kwa sababu rilei ya aina hii ina umri, na umri huo huhesabiwa kwa kuwaka na kuzima: takriban mara 100,000 ikiwa na mzigo. Programu iliyoandikwa kijinga, yaani joto likishuka chini ya 37.5 washa, likipanda juu yake zima, inaweza kuifanya rilei igonge kila sekunde tano. Hiyo ni mara 17,280 kwa siku, mara 362,880 kwa siku 21. Rilei itakuwa imemaliza umri wake kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Na ikifa, mara nyingi haifi kwa kukata. Waya wa ndani ya balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida kwa muda mfupi sana, cheche huruka, na vidole vya rilei hugandana. Balbu hubaki zimewaka moja kwa moja, na asubuhi mayai yameiva.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwenye programu, acheni nafasi kati ya kuwasha na kuzima: washa kwenye 37.3, zima kwenye 37.7, na isigeuke kabla ya sekunde 30 kupita. Ikigonga mara moja kwa dakika, siku 21 ni mara 30,240 tu. Kwenye nyaya, wekeni kidhibiti joto cha pili kinachojitegemea, mathalani W1209, chenye kihisi chake na rilei yake, kwenye mstari uleule wa umeme wa balbu, kikate kwenye 38.5. Hakitafanya lolote siku zote ikiwa kila kitu ni kizima. Jopo liombe kionyeshwe kikikata: rilei ya kwanza ifungwe kwa kipande cha waya, mashine iachwe ipande joto, watu wasimame watazame.

Kugeuza mayai ni hesabu ya darasani ambayo haifanywi. Trei ya mayai 30, kila yai gramu 58 hivi, ina uzito wa kilo 1.7 bila trei yenyewe. Sevo ndogo ya SG90, mota ya kugeuza kitu kwa pembe, ina nguvu ya kilo 1.8 kwa sentimita moja. Ikiwa uzito wa trei uko sentimita tano kutoka kwenye egemeo, inahitajika zaidi ya kilo 8 kwa sentimita, na giya za plastiki hunyolewa meno siku ya kwanza. Kununua sevo kubwa zaidi siyo suluhisho la kwanza. La kwanza ni kuhamisha egemeo lipite katikati ya uzito wa trei, hapo hata kidole kinageuza. La pili ni kwenda Gerezani kununua mota ya waipa ya gari: volti 12, ina giya ya skrubu ndani, nguvu tele, na haikubali kurudishwa nyuma na uzito. Igeuze trei nyuzi 45 kila upande, kila saa moja au mbili, na isimamishwe siku ya 18 kifaranga anapojipanga kutoka. Tumeona programu zinazogeuza hadi siku ya 21. Mwandishi wake hakuwahi kumuuliza mfugaji yeyote.

Kuhusu umeme kukatika, maneno "ina betri ya akiba" huandikwa kwenye bango bila hesabu. Tuseme balbu za wati 80 zinawaka asilimia 40 ya muda. Hizo ni wati 32 za wastani, na kwa saa nne ni watisaa 128. Betri ya volti 12 na ampeasaa 7, ile ya king'ora, ina watisaa 84 kwenye karatasi, na kwa kuwa ni ya risasi isiyotakiwa kumalizwa, kinachotumika ni nusu. Itashikilia saa moja na robo hivi, tena kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Kwa pesa hiyohiyo, boksi la ndani lenye maboya meupe (stairofomu) ya sentimita tano kila upande, pamoja na chupa za lita moja moja za maji chini ya trei, husaidia zaidi, maana maji yaliyopata joto hulirudisha polepole. Betri iachiwe feni na bodi ya kudhibiti.

Na kabla hatujaliacha kabati: umeme wa volti 230 unaopita chini ya moduli ya rilei uko wazi kabisa, ncha zilizolehemewa zimechomoza. Wanafunzi huiacha moduli hiyo imegandishwa kwa gundi juu ya ubao, na kwenye maonesho watoto hupitisha mikono. Iinuliwe kwa nguzo za plastiki ndani ya boksi linalofungwa, waya ukingwe unapoingia, fyuzi ya ampea 1, na kama fremu ni ya chuma, waya wa ardhi ufungwe kwa bolti na si kwa kusokotwa. Mashine isiyo na hayo isiruhusiwe kuchomekwa, hata kama mgeni rasmi yuko mlangoni.

Kwenye roboti ugonjwa mkubwa ni mmoja: chakula, yaani umeme. Roboti ya wanafunzi ikianza kutembea, ikasimama, ikaanza tena, watu hufungua kompyuta kutafuta kosa kwenye programu. Washike multimita kwanza. Mota za njano zenye giya ya 1:48 zinazouzwa pamoja na fremu za plastiki hula miliampea 200 hivi zikizunguka hewani, lakini zikianza kusukuma au zikikwama kila moja huweza kuvuta ampea nzima. Betri ya mraba ya volti 9, ya king'ora cha moshi, haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ina uwezo mdogo, na ukiivuta kwa nguvu volti zake huanguka, bodi hukosa umeme, hujizima na kuanza upya. Hapo ndipo roboti inapopata "kifafa".

Kisha kuna L298N, ile bodi nyekundu ya kuendeshea mota, yenye kipoza joto cheusi. Teknolojia yake ni ya transista za zamani na hula volti kama 2 njiani mota zikivuta ampea moja. Ukiweka betri nne za AA, volti 6, mota zinapata 4 na roboti inajikokota. Ukiweka seli mbili za 18650, zile za lithiamu zinazochajiwa, mfululizo, volti 7.4, mota zinapata zaidi ya 5 na kazi inakwenda. Anayeweza kupata bodi ya TB6612 badala yake aichukue, mradi mota zake zisivuke ampea 1.2 kwa muda mrefu, kwa sababu hupoteza volti kidogo sana na haichomi kidole. Kwenye ncha za kila mota achomelee kapasita ya kutuliza umeme ya nanofaradi 100, kwenye njia kuu ya umeme aweke ya mikrofaradi 1,000, na waya hasi za betri zote zikutane mahali pamoja. Hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Betri mbili zisizoshiriki hasi hufanya amri za bodi zisieleweke upande wa mota, na mtu anaweza kukesha wiki nzima kwa sababu ya waya mmoja wa urefu wa kiganja.

Kuhusu hizo seli za 18650, tahadhari moja kwa wanunuzi wa Kariakoo na wenzao wa Luthuli kule Nairobi: iliyoandikwa 9,900 mAh ni uongo uliochapwa kwenye plastiki. Seli nzuri kabisa za ukubwa huo huwa karibu na 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hivi. Nendeni na mizani ndogo ya jikoni. Ikiwa nyepesi sana mkononi, iacheni. Seli zilizofungwa mfululizo ziwe na bodi ya ulinzi inayozuia kupita volti 4.2 kila moja na kushuka chini ya 3 hivi, na zisichajiwe usiku karakana ikiwa haina mtu.

Roboti inayofuata mstari mweusi ina ugomvi wake na jua. Vihisi vya TCRT5000 hutumia mwanga usioonekana, na jua limejaa mwanga huohuo. Ndani ya karakana saa mbili usiku roboti hufuata mstari bila kukosea. Ikipelekwa kwenye hema la maonesho saa tano asubuhi, inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na mwanafunzi anaanza kubadilisha namba kwenye programu mbele ya wageni. Mambo mawili yamalizwe mapema. Vihisi viwe milimita mbili hadi tatu tu juu ya sakafu na vizungushiwe sketi ya karatasi nyeusi. Na programu isibebe namba moja ya kudumu ya kutenganisha nyeusi na nyeupe: kila inapowashwa, roboti iyumbe kushoto na kulia juu ya mstari kwa sekunde tano, isome kubwa na ndogo ya kila kihisi, kisha ichague katikati. Anayepima umbali kwa sauti kwa HC-SR04 naye akumbuke kwamba kasi ya sauti hupanda na joto, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi. Kati ya chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 na uwanja wa nyuzi 35, kipimo kinapotoka kwa zaidi ya asilimia 2. Kwa kukwepa ukuta si kitu. Kwa kupima kina cha maji kwenye simtanki ni kosa linaloonekana.

Bredibodi, lile bao la plastiki lenye matundu, lisifike kwenye maonesho. Ni la kujaribia mezani. Vishikizo vyake hulegea, waya hutoka roboti ikigonga kizingiti, na kutafuta waya upi umetoka kati ya 40 ni adhabu. Mzunguko ukishathibitika uhamishiwe kwenye bodi ya matundu ya shaba na kulehemewa, viunganishi vya skrubu vitumike kwa mota na betri, na kila waya unaotikisika ukamatwe kwa kibano cha plastiki. Wanaotaka kutengeneza bodi yao kwa karatasi ya kung'aa, pasi na kloridi ya chuma wanaweza. Chombo kiwe cha plastiki au kioo, kamwe kisiwe sufuria ya alumini, na maji yake yasimwagwe kwenye sinki.

Printa ya 3D tunaipenda, lakini imeleta uvivu wa aina mpya. Kuna mwanafunzi atakayechapa kwa saa tisa boksi ambalo angelikata kwa plaiwudi ndani ya dakika 40. Kuna mwingine atakayechapa mshikio na kushangaa umevunjika kwenye mistari ya tabaka. Kitu kilichochapwa ni dhaifu kati ya tabaka na tabaka, hivyo kilazwe kwenye printa ili nguvu ipite kando ya tabaka. Kuta nne zitasaidia zaidi kuliko kujaza ndani asilimia 60. Tundu la bolti ya milimita 3 lichorwe 3.3, maana plastiki hubana. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, hulainika ikifika karibu nyuzi 60, kwa hiyo kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari juani Dar es Salaam kitarudi kimepinda. Kwa chochote kinachokaa nje au jirani na balbu, tumieni plastiki ya PETG. Pwani hii filamenti, ule uzi wa plastiki wa printa, hunyonya unyevu wa hewa. Ukisikia nozeli inapasukapasuka na nyuzi nyembamba zimetanda kila mahali, kausha roli ya PLA kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa saa tano, kisha ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kabla ya printa kuwe na boksi la katoni. Wiki ya pili ya mradi, kila kundi liwe na umbo la katoni la ukubwa kamili, limekatwa kwa kisu na kugandishwa kwa gundi, na limepelekwa kwa mtu atakayelitumia. Mama anayepukuchua mahindi ataonyesha kwa kuinama mara moja kwamba mpini uko chini mno, na marekebisho hayo kwenye katoni hayana gharama. Yakigunduliwa baada ya kuchomelea chuma cha pembe, kundi huanza kutetea mpini badala ya kuubadilisha.

Tunarudi kwenye alama, kwa sababu hapo ndipo mambo yote haya yanapofungwa au kufunguliwa. Sharti la "wazo jipya" ndilo linalofanya mashine ya mwaka jana itupwe stoo na kundi la mwaka huu lianze upya na DHT11 ileile. Laiti kundi jipya lingekabidhiwa mashine ya watangulizi wao pamoja na mchoro wa nyaya, orodha ya vifaa, programu na daftari la hitilafu, likaambiwa: hii ilitotoa 11 kati ya 20, fikisheni 16. Hiyo ndiyo kazi ya uhandisi viwandani. Hakuna kiwanda kinachobuni gari upya kila Januari. Daftari la hitilafu lipewe alama kuliko bango: tarehe, kilichotokea, kilichopimwa, kilichobadilishwa. Daftari lisilo na hitilafu hata moja linamaanisha mashine haikujaribiwa.

Wapo wanaosema kikwazo ni pesa. Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kule Marekani, chuo cha MIT, Profesa Woodie Flowers aliendesha tangu miaka ya 1970 somo ambamo kila mwanafunzi alipewa sanduku la vifaa vilevile, akatakiwa kujenga mashine ya kufanya kazi iliyotajwa, na mwishoni mashine zikashindana hadharani. Ubunifu haukupungua kwa sababu sanduku lilikuwa moja. Chuo kikinunua vifaa kwa jumla, vihisi vya aina moja, mota za aina moja na akiba ya vipuri, gharama kwa kila kundi hushuka. Fundi wa karakana naye anaanza kuzijua tabia za kifaa kimoja kwa kina badala ya kukutana na aina 30 za bodi kwa mwaka. Na kifaa kikiungua saa mbili usiku kuna kingine kabatini. Mwanafunzi hasubiri pesa ya nyumbani.

Kitu cha mwisho hakigharimu hata senti, na bado ndicho kigumu kukipata. Majaribio ya saa 72, achilia mbali ya siku 21, yanahitaji umeme usiozimwa. Karakana nyingi hufungwa Ijumaa jioni na mlinzi huzima swichi kuu, kama alivyoagizwa. Jumatatu kabati ni baridi. Wakuu wa vyuo waruhusu meza moja iwe na laini yake yenye swichi yake ya kujikata, pembeni ya swichi kuu, na jina la fundi wa zamu liandikwe mlangoni pamoja na namba ya ofisi ya ulinzi. Mlinzi apewe maagizo kwa maandishi kwamba laini ile haizimwi, isipokuwa akiona moshi.

Ni sisi,
Wakufunzi na mafundi sanifu wa karakana,
Dar es Salaam.